Barua ya wazi kwa wasimamizi wa usafi wa mji wetu: sisi tunatenganisha taka, gari lenu linazichanganya

Kwa:
Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Mkurugenzi,
na Wataalamu wa Afya na Mazingira,
Halmashauri yetu,
Mkoa wa Mtwara.

YAH: TAKA ZINAZOTENGANISHWA MAJUMBANI NA KUCHANGANYWA TENA BARABARANI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Barua za bahasha tumeshaandika. Moja ilikwenda kwa mtendaji wa mtaa, nyingine idara inayosimamia usafi, nyingine ikagongwa muhuri wa kupokelewa pale mapokezi na tangu hapo haijasikika. Kwenye mkutano wa mtaa tulisimama tukasema, tukajibiwa kwamba suala limechukuliwa. Limepelekwa wapi, mpaka leo hatujaambiwa. Sasa tunalileta hadharani, kwa heshima zote. Sitataja ofisi, mzabuni wala mtu kwa jina. Shida yetu haimalizwi kwa kumwaibisha mtu, na wahusika wanajijua.

Mimi ni mkazi wa kawaida, mlipa ada ya taka, na katibu wa kikundi cha akina mama wanaotenganisha taka mtaani kwetu. Tulianza baada ya watu wenu wenyewe kupita na kipaza sauti wakituhimiza tutenge taka mbichi na taka kavu. Tukaitikia. Ukiingia nyua za mtaa wetu leo utakuta viroba viwili vimeegemea ukuta wa jiko. Kimoja kina maganda ya muhogo, makokwa ya maembe na vichwa vya samaki. Kingine kina chupa za maji, maboksi, makopo na beseni lililopasuka.

Halafu tipa lenu linakuja. Kijana aliye juu anapokea kiroba cha kwanza, anamwaga. Anapokea cha pili, anamwaga palepale juu ya vichwa vya samaki, kisha anakanyaga kwa mabuti ili mzigo ushuke apate nafasi ya nyumba inayofuata. Boksi lililotoka ndani kavu limeshalowa mchuzi kabla gari halijakata kona. Mama aliyelihifadhi wiki nzima anatazama, anarudi ndani. Wiki inayofuata mnadhani atatenga tena?

Malalamiko yetu nayapanga kwa namba, yasije yakasomwa kama kelele za wanawake wa uani.

1. Gari linaharibu kazi iliyokwisha kufanyika, na sheria haisemi hivyo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 114, inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kuweka utaratibu ili aina mbalimbali za taka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Hapo zinapozalishwa ni kwetu, jikoni. Sehemu yetu tumeifanya bila kulipwa. Lakini kutenganisha kunakoishia mlangoni mwa nyumba ni kujisumbua bure. Sheria haikuweka sharti hilo ili wananchi wawe na viroba viwili vya kupendeza, iliweka ili kila kundi lifike mahali pake. Na ada ni ileile, kwa aliyetoa nusu kiroba cha taka safi na kwa aliyemwaga viroba vinne vya mchanganyiko.

2. Mnazika mali.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu wengi wakisikia urejelezaji, yaani kurudisha taka kiwandani ziwe bidhaa tena, wanafikiria semina.

Jirani yetu mmoja ananunua chakavu. Mizani yake inaning'inia kwenye tawi la mwembe. Ukimpelekea mzigo hakimbilii kupima, anaumwaga chini kwanza. Anatoa sumaku mfukoni. Kinachonasa ni chuma, anakitupa upande mmoja. Kisichonasa anakigeuza mara mbili, maana huenda ni aluminiamu au shaba, na hapo bei inabadilika. Chupa ya maji anaifungua kifuniko, anabandua karatasi yake, anaikandamiza kwa goti hewa itoke. Kifuniko kinaingia salfeti nyingine. Ukimuuliza kwa nini anajipa kazi yote hiyo, anakukatia kipande cha chupa na kipande cha kifuniko, anavitia kwenye beseni la maji. Cha chupa kinazama, cha kifuniko kinaelea. Ni plastiki mbili tofauti, na kiwanda kinataka kila moja peke yake.

Ndiyo elimu tunayopeana. Tazama chini ya chombo, kuna pembetatu ndogo yenye namba. Chupa za maji na soda ni namba 1. Madumu ya mafuta ya kula na chupa nyingi za sabuni ni namba 2. Ndoo na mabeseni mengi ni namba 5. Suuza kidogo kwa maji uliyooshea vyombo, si lazima ing'ae. Maboksi yakunjwe, yakae pasipo mvua. Makopo ya soda yapondwe, ila yasichanganywe na makopo ya nyanya, kwa sababu la soda kwa kawaida ni aluminiamu na la nyanya ni bati, na sumaku itakuambia. Kuyeyusha aluminiamu chakavu kunatumia kama asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitengeneza upya kutoka kwenye mawe yake. Ndiyo maana mnunuzi haachi kopo hata moja barabarani, nanyi mnayakanyaga ndani ya tipa yakiwa na maganda ya ndizi.

Tazameni pia chupa ya soda ya kioo. Nani amewahi kuikuta ikiwa nzima imetupwa mtaroni? Ina dhamana yake, mtoto akiiona anaikimbiza dukani. Chupa ya plastiki haina anayeidai, basi ndiyo iliyojaa mitaroni. Hapo hapahitaji semina. Kitu kikiwa na pa kurudishwa na shilingi ya kurudishiwa, kinarudi.

3. Zaidi ya nusu ya mnachosomba hakikupaswa kupanda gari.

Katika miji yetu sehemu kubwa ya taka za nyumbani ni mabaki ya chakula na majani. Ni mazito kwa sababu yamejaa maji, kwa hiyo halmashauri inanunua dizeli ya kupeleka maji ya maganda dampo. Yakifukiwa huko bila hewa yanatoa methani, gesi ileile iliyo nyingi kwenye gesi asilia inayochimbwa Mnazi Bay na kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Ya Mnazi Bay inawasha taa. Ya dampo inapaa tu na kuongeza joto la dunia, na siku nyingine inalisha moto unaofuka chini kwa chini.

Sisi sehemu yake tunaimaliza nyumbani. Chicha wanakula kuku. Maganda ya muhogo yanaanikwa juani mpaka yakauke vizuri kabla ya kupewa mbuzi, maana mabichi yana sumu. Yanayobaki yanaingia kwenye mboji, na kwa udongo wetu wa kichanga unaokunywa maji yote na kubaki mkavu, mboji si anasa.

Namna yake, kwa nyumba yoyote yenye uwanja mdogo: zungushia fito au matofali chakavu eneo la kama mita moja kila upande, kwenye kivuli. Anza na tabaka la vitu vikavu, majani ya mkorosho yaliyopukutika, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, hata boksi lililochanwachanwa. Juu yake tabaka la mabichi ya jikoni. Makavu yawe mengi, karibu mara mbili ya mabichi kwa ujazo. Nyunyizia maji. Chukua konzi ya mboji uifinye: ikishikamana bila kuchuruzika, maji yanatosha. Ikichuruzika, ongeza makavu. Geuza kila wiki moja au mbili ili hewa iingie. Ndani ya miezi miwili au mitatu utapata udongo mweusi usionuka. Ikinuka ujue imekosa hewa au imezidi maji, igeuze. Samaki na nyama usiweke, vinaita panya na paka wa mtaa mzima. Vifukie kando, kina cha kutosha.

Mwenye bustani ya mchicha hapa mtaani ameacha kununua samadi. Yeye hakuhitaji kupelekwa ziara ya mafunzo.

4. Gari lisipokuja, watu wanachoma.

Ratiba iliyobandikwa ofisi ya mtaa na siku ambazo gari linafika ni vitu viwili tofauti. Taka zikilala, kiberiti kinatoka. Plastiki kwenye moto wa uani haiungui ikaisha. Inatoa masizi na hewa chafu, na ile yenye klorini, kama vipande vya mabomba ya PVC, inatoa dioksini, ambazo ni sumu zinazokaa mwilini muda mrefu. Kusi ikivuma, moshi unaingia madirishani kwa jirani mwenye mtoto wa pumu. Tumekatazana kuchoma. Lakini huwezi kumkataza mtu kuchoma bila kumwambia gari linakuja lini.

5. Taka za sumu hazina kwao.

Hili ni letu sisi wa mikoa ya korosho, na sijaona likisemwa vya kutosha. Msimu wa kupulizia mikorosho ukipita, vinabaki vyombo vitupu vya viuatilifu. Vingine ni vizuri kwa macho, vina vifuniko imara, na vinaishia kuteka maji, kuwekea mafuta ya taa, hata kuuzwa mnadani. Kwa vyombo hivyo sisemi habari ya kuvitumia tena nyumbani. Chombo cha kiuatilifu kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe kwenye bomba la kupulizia, kisha kitobolewe ili asiwepo wa kukitumia tena. Baada ya hapo kinapelekwa wapi? Hilo ndilo swali ambalo ofisini kwenu halina jibu. Betri za tochi, taa zilizoungua na sindano za wagonjwa wa kisukari nazo zinasubiri jibu hilohilo. Kwa sasa zinapanda tipa lilelile, zinakanyagwa na kijana yuleyule asiye na glovu.

6. Waokota makopo wanafukuzwa kama wezi.

Kama kuna urejelezaji wowote unaofanyika katika mji huu, wanaoufanya ni hawa wenye salfeti mgongoni, wanaoamka kabla ya adhana. Mgambo wanawafukuza kwenye vizimba vya taka. Najua hoja yenu: wapo wanaoiba mifuniko ya chemba na mita za maji wakauza skrepa. Ni kweli wapo. Basi wasajilini, wapeni vitambulisho, na mnunuzi awe na daftari la nani kaleta nini. Atakayeletewa mfuniko wa chemba akanunua, mshikeni huyo.

7. Bahari.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, na mitaro inajaa kwa pamoja. Kilicholala mtaroni tangu Juni kinaingia baharini kwa wiki moja ya mvua kubwa. Tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000, na kasa hutaga huku. Kasa anameza nailoni akidhani ni chakula. Wavuvi wetu wanajua kinachopanda na nyavu siku hizi, waulizeni wenyewe.

Sasa, Waheshimiwa, majibu yenu tumeshayasikia mdomoni, hata kama maandishi hayajaja. Naomba niyapitie.

"Hatuna fedha ya gari la pili." Hatukuomba gari la pili. Tumeomba siku mbili tofauti kwa gari lilelile: siku moja mbichi, siku nyingine kavu. Safari hazizidi. Na nyumba zikiweka mboji, siku ya mbichi mzigo unapungua.

"Mzabuni ndiye anayekusanya." Mzabuni mmemweka ninyi, kwa mkataba wenu. Mkataba ukisema kila tani inayofika dampo inalipiwa, atapeleka dampo kila kitu, hata maboksi makavu. Sijui yeyote ambaye asingefanya hivyo. Badilisheni mkataba.

"Viwanda vipo Dar es Salaam." Ndiyo, vikubwa vipo huko, na kutoka Mtwara ni zaidi ya kilometa 500. Ndiyo maana chupa moja moja hailipi nauli. Zikibanwa zikafungwa marobota zinalipa, na malori yanayoshusha bidhaa za madukani hapa hayarudi yote yakiwa yamejaa. Kinachokosekana ni sehemu yenye paa ya kuzikusanya hadi zitoshe lori. Mnunuzi wa chini ya mwembe hana paa hilo. Mvua ikinyesha, maboksi yake yanakuwa uji.

"Wananchi hawabadiliki." Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchi nzima. Watu walilalamika kwa muda, kisha wakabeba vikapu. Kilichorudi sokoni ni vile vifungashio vyembamba vya nailoni vinavyofungiwa dagaa na nyanya, na vimerudi kwa sababu ukaguzi ulilegea, si kwa sababu mama muuza dagaa ni mkaidi.

Tena wapo watakaosema urejelezaji hautamaliza tatizo. Hapo nakubaliana nao. Duniani kote, plastiki ambayo imewahi kurejelezwa haifiki sehemu moja ya kumi ya iliyotengenezwa. Kwa hiyo kwanza tununue kidogo, tubebe kikapu na dumu letu dukani. Lakini hoja hiyo isitumike kuhalalisha kumwaga boksi kavu juu ya vichwa vya samaki.

Na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi nao tunaushiriki, tunafagia, tunapigwa picha. Marundo ya siku hiyo hukaa kando ya barabara mpaka kuku wayatawanye. Kama gari halijapangwa, bora tarehe isogezwe.

Tunachoomba ni hiki:

Kwanza, ratiba ya siku mbili, mbichi na kavu, ianze mtaani kwetu kama majaribio kabla ya mvua za Desemba. Kikundi chetu kitapita nyumba kwa nyumba kueleza, bila posho.

Pili, mtupatie eneo lenye paa na sakafu, hata banda moja la soko lisilotumika, liwe kituo cha kupimia na kufunga marobota. Mizani iwe imekaguliwa na Wakala wa Vipimo, na bei ziandikwe ubaoni ili asiyejua kubembeleza asipunjwe.

Tatu, katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, maombi ya vikundi vya taka yasiwe yanarudishwa kwa maelezo kwamba "mradi haueleweki". Guta moja na mashine ya kubana ya mkono vinaeleweka.

Nne, wekeni pipa la taka za sumu, lenye kufuli, katika ofisi ya kila kata. Vyombo vya viuatilifu viwe na mpango wake pamoja na wataalamu wa kilimo na vyama vya msingi vya ushirika, kwa kuwa wakulima wanapita hapo kila msimu.

Tano, mkataba wa mzabuni, yaani vipengele vinavyohusu ratiba na malipo, ubandikwe ofisi ya mtaa. Vijana wa gari wapewe glovu, mabuti na barakoa. Hilo la glovu halihitaji kikao.

Sita, waokota makopo wasajiliwe, wasifukuzwe.

Tunaomba majibu kwa maandishi, yasomwe kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa. Kama kuna ombi lisilowezekana, andikeni kwamba haliwezekani na sababu yake, tutaelewa na tutatafuta njia nyingine. Nakala za barua zetu za mwanzo, zenye mihuri yenu, tunazo, na tutakuja nazo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu, kwa niaba ya akina mama wa mtaa,
Mtwara.

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Diwani wa Kata, ubao wa matangazo, soko la mtaa.